Bango la Boksi la Vitunguu Saumu

Habari ya kifo cha baba yangu niliisikia kwenye kipaza sauti, pamoja na kijiji kizima cha Solgol. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimeinama shambani nang'oa vitunguu saumu, glavu zimejaa udongo, na simu iko kwenye mfuko wa koti nililolitundika mbali, kwenye toroli. Kipaza sauti kilikwaruza, kisha ikaja sauti ya mwenyekiti wa kijiji, Do Gwang-sik, ambaye siku zote huanza kwa kuuliza kama anasikika.

Alisema, "Mnanisikia? Mzee Bae Pil-su ameanguka hapa kwenye ukumbi wa kijiji. Amefariki. Mama Min-a, kama uko shambani, acha kazi uje."

Mama Min-a ndiye mimi. Nilisimama na kitunguu mkononi. Nadhani wote mashambani tulikuwa tumesimama, kwa sababu sauti iliyofuata ilisikika vizuri mno. Mwenyekiti alikuwa amesahau kuzima mtambo.

"Na yule kijana wake wa Seoul apigiwe," alisema. "Sijui kama atapata nafasi. Wale kazi yao ni kuandamana na mishumaa barabarani."

Mtu mwingine akamwambia bado mtambo unawaka, ndipo ukazimwa.

Hivyo ndivyo msiba ulivyonifikia: sentensi ya kwanza kifo, ya pili siasa. Nilipiga magoti kwenye tuta. Mungu anisamehe, sala yangu haikuwa ya kumshukuru kwa maisha ya baba. Nilisema tu, Bwana, hata leo?

Baba alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alizaliwa Solgol na hakuwahi kuishi kwingine, ukiondoa jeshini. Alisoma miaka sita tu ya shule ya msingi, lakini alikuwa na mwandiko mzuri wa brashi ambao watu waliutumia kwenye matangazo ya harusi na ya ng'ombe aliyepotea. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji kwa miaka ishirini na mmoja kabla ya kumwachia Gwang-sik. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi aliwasha mtambo na kutangaza mvua, mbolea iliyofika, ng'ombe wa nani kazaa, na nani kaacha miwani ukumbini. Nilipomaliza sekondari alitangaza kwamba nimefaulu. Akaongeza kwamba hesabu sikufanya vizuri. Sikutoka nje siku mbili.

Mama alipofariki, baba alianza kuja nami kanisani. Alibatizwa akiwa na miaka sitini na tatu. Alilala kila mahubiri akiwa ameketi wima kama askari, na ibada ikiisha alimwambia mchungaji kwamba leo amegusa mahali pazuri. Nami, baada ya mume wangu kufariki, nilirudi kuishi naye. Tulilima pamoja miaka kumi na mmoja. Alikuwa mbishi. Sitaandika kwamba hakuwa mbishi kwa sababu amekufa.

Mdogo wangu, Seong-gyu, ni fundi wa lifti Seoul. Siku alipokubaliwa chuo cha ufundi huko, baba alitangaza kwenye kipaza sauti mara tatu na kugawa keki za mchele nyumba hadi nyumba. Nayasema haya ili mjue tulikotoka, kwa sababu miaka minne kabla baba hajafa, hao wawili waliacha kusemezana.

Mambo yaliharibikia mezani, kwenye sikukuu ya mavuno. Televisheni ilikuwa ikitangaza uchaguzi. Seong-gyu alisema watu wa mkoa wetu wangekichagua kijiti kikavu kama kimepakwa rangi ya chama chao. Baba aliweka chini vijiti vyake vya kulia. Akasema watu wa Seoul wanafikiri mchele unaota dukani, wanaamka wanaandamana, wanarudi wanalala, na serikali inawalisha. Seong-gyu akasema yeye halishwi na mtu, anatambaa ndani ya mashimo ya lifti tangu asubuhi. Baba akasema basi asiwaite wazazi wake wajinga. Seong-gyu akasema hakusema wajinga. Kweli hakusema. Alikuwa amesema kijiti. Baba alinyanyuka, akachukua boksi la mapeasi aliloletewa zawadi, akalirudisha kwenye gari la mwanawe kwa mikono yake mwenyewe.

Tangu hapo mimi nikawa posta. Kila Jumapili baada ya ibada Seong-gyu alinipigia na kuniuliza kama yule mzee wako anakula. Baba, ambaye alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwenye simu akijifanya anamenya vitunguu, baadaye aliniuliza kama yule mwandamanaji wako bado ana kazi. Kila mmoja alinieleza kwa uhakika kabisa mwenzake anafikiri nini. Baba alijua kwamba Seong-gyu anaona haya kuwaambia watu ni mtoto wa mkulima. Seong-gyu alijua kwamba baba huletewa pombe ya mchele na watu wa chama halafu kwenye kura anatia muhuri wanapomwonyesha. Nilipowaambia si kweli, wote wawili waliniambia mimi ni mpole mno, sielewi siasa. Nimehudhuria misiba na harusi za wilaya hii nzima, na sijaona watu wanaojuana kwa uhakika namna hiyo bila kuulizana swali hata moja.

Sasa nieleze kosa langu.

Miaka miwili iliyopita basi la saa nne asubuhi lilifutwa. Ndilo basi ambalo wazee wetu hupanda kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka Solgol ni kilomita kumi na moja. Baba alimwandikia barua mheshimiwa wa chama ambacho kijiji chetu kimekichagua tangu nikiwa mtoto. Hakujibiwa. Akaandika nyingine. Hakujibiwa. Basi akachana boksi la vitunguu saumu, akaandika kwa brashi upande wa ndani usio na picha, akaenda kusimama mlangoni pa ofisi ya wilaya peke yake. Mtu mmoja akisimama na bango hahitaji kibali, na hilo baba alikuwa amelisikia redioni. Alisimama siku kumi na tisa, siku nne kati ya hizo chini ya mvua. Rafiki yake, Mzee Heo Chil-bong, alimpelekea chai ya moto kwenye chupa kila siku na kumwambia anatia kijiji aibu. Mwishoni basi lilirudishwa, lakini siku za soko tu.

Baba aliniambia, "Usimwambie Seong-gyu. Atacheka, aseme nimeanza kumfuata yeye."

Haukupita mwezi, Seong-gyu akanitumia picha. Amesimama peke yake mbele ya ofisi ya kampuni yake, ameshika bango. Mwenzake alikuwa ameanguka kwenye shimo la lifti na kampuni ilisema ni uzembe wake mwenyewe. Chini ya picha aliandika nisimwonyeshe baba, kwa sababu atasema, si nilijua.

Nilimtii kila mmoja. Nilikuwa na picha ya mmoja kwenye simu na bango la mwingine bandani, na nilinyamaza miaka miwili, nikiamini kwamba Mungu atawapatanisha kwa wakati wake. Sikufikiri kwamba pengine alikuwa amenipa mimi kazi hiyo.

Msiba uliwekwa kwenye ukumbi wa maombolezo wa hospitali ya wilaya, siku tatu kama kawaida. Ilikuwa wiki moja kabla ya uchaguzi wa mkoa na wilaya, na magari ya kampeni yalikuwa yakipita nje na nyimbo zao. Seong-gyu alifika alasiri na wenzake wanne wa kazini. Alisimama mbele ya picha ya baba, muda mrefu, kisha akaweka ua jeupe. Sisi ni waumini, hatusujudii wafu. Hakulia. Alivaa utepe wa mwana mfiwa mkononi, akasimama pale mwana anaposimama.

Wanakijiji walikaa upande wa dirishani, watu wa Seoul upande wa jikoni. Wenzake Seong-gyu walijifunga aproni, wakagawa supu ya nyama yenye pilipili, wakasafisha meza. Wanakijiji walinong'ona kwamba wale wamefundishwa kwenye maandamano namna ya kulisha watu wengi. Mmoja wa wale mafundi, kijana mwenye adabu, aliinama mbele ya Mzee Heo na kumuuliza kama Solgol intaneti inafika. Mzee Heo, ambaye huuza vitunguu vyake vyote kwa simu na ana wateja mpaka Busan, alimwangalia.

"Tunatumia moshi, mwanangu," alisema. "Lakini mvua ikinyesha inasumbua."

Kijana alitikisa kichwa kwa huruma. Aliamini. Nilikwenda jikoni nikasimama peke yangu kidogo.

Siku ya pili mchana ililetwa bendera. Wakati wa kampeni wanasiasa hawaruhusiwi kutuma maua, kwa hiyo hutuma bendera ya rambirambi yenye majina yao, kwenye mlingoti mrefu. Inasimamishwa mlangoni pa ukumbi, na mazishi yakiisha mtu wao huja kuichukua na kuipeleka kwenye msiba mwingine. Hii ilikuwa ya yule yule mheshimiwa ambaye hakujibu barua.

Seong-gyu aliitoa. Aliizungusha kwenye mlingoti wake akailaza nyuma ya rafu ya viatu. Baada ya nusu saa Mzee Heo alikwenda kuvaa viatu atoke kuvuta sigara, akaikuta, akaikung'uta vumbi, akairudisha. Seong-gyu akaitoa tena. Mara ya tatu wote wawili waliushika mlingoti, mmoja juu mmoja chini, mbele ya picha ya baba.

"Baba mdogo, achia," Seong-gyu alisema. "Baba yangu hawezi kulala chini ya jina la huyu mtu."

"Baba yako ameishi miaka themanini hapa. Wewe umekaa siku moja."

"Mtu huyu aliwafanyia nini? Nitajie kitu kimoja."

"Mnafiki wewe. Miaka minne hukuja kumwona, leo umekuja kumfundisha maiti siasa."

Hapo Seong-gyu alisema alichokuwa amekiwaza, nadhani, tangu alipofika. Kwamba yeye ndiye mwana, na baba atachomwa na majivu yake yatapelekwa Seoul, kwenye nyumba ya majivu iliyo karibu na kwake, ambako hakuna mtu wa kumsimamishia bendera. Mzee Heo naye akasema vizuri sana, kwa sababu watu wa Solgol hawatabeba. Abebwe na wenzake wa barabarani. Wanaume wa upande wa dirishani walinyanyuka mmoja mmoja wakaanza kutafuta viatu vyao.

Lazima mwelewe hilo lilikuwa na maana gani. Mama amezikwa kilimani juu ya shamba letu, na baba alikuwa ameacha nafasi kando yake. Kila mwaka alikuwa akiifyeka nafasi ile, yake mwenyewe, akirudi anasema chumba kiko tayari. Gari halifiki. Njia ni nyembamba na mwinuko ni mkali, jeneza linahitaji wanaume kumi. Seong-gyu alikuwa na wanne na yeye wa tano. Kijiji kisingebeba, baba angekwenda Seoul akalale kwenye kabati na watu asiowajua, na mama abaki na nafasi tupu kando yake.

Niliwaangalia wote wawili. Walikuwa na mishipa ile ile shingoni. Sikulia, nilichoka tu. Nilimwambia mwenyekiti Gwang-sik, ambaye tangu aibu ya kipaza sauti alikuwa hanitazami usoni, anipeleke nyumbani na gari lake dogo la mizigo. Njiani alianza kuniomba radhi nikamwambia aendeshe.

Bango lilikuwa bandani, nyuma ya vichanja vya kukaushia vitunguu, limefungwa kwenye nailoni ya mbolea. Baba hakutupa kitu. Nilirudi nalo. Bendera ilikuwa imelala sakafuni katikati yao, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiokota. Niliegemeza bango mlangoni, mahali pa bendera, nikafungua nailoni.

Liliandikwa hivi: Rudisheni basi la saa nne. Wagonjwa wa Solgol hawawezi kutembea kilomita kumi na moja. Bae Pil-su, mkulima.

Wino ulikuwa umechuruzika kidogo kwa mvua. Seong-gyu aliutambua mwandiko kabla ya kuyasoma maneno, niliona.

"Hii ni nini, Dada?"

Nikamwambia. Siku kumi na tisa, mlango wa ofisi ya wilaya, peke yake. Kisha nikatoa simu yangu nikampa Mzee Heo aone picha ya Seong-gyu na bango lake. Aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Wote wawili walinikataza kusema," niliwaambia. "Nami nikanyamaza kama mjinga. Sasa mmejua. Kesho saa tatu jeneza linatoka. Anayebeba abebe, asiyebeba asibebe, lakini msigombanie mbele ya picha yake nani alimjua. Hakuna aliyemuuliza kitu."

Sikuwa nimewahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya wanaume wa Solgol. Wake zao walikuwa wameacha kula.

Seong-gyu ndiye aliyesema kwanza, na hata hapo hakuweza kuacha. Alimuuliza Mzee Heo, "Kwa hiyo mlijua huyu mtu hakujibu hata barua. Na bado mkamchagua tena."

"Nani kakwambia nilimchagua?" Mzee Heo alisema. "Uliniuliza lini?"

Seong-gyu aligeuka akalitazama tena bango.

"Mimi huyo simpendi tangu zamani," mzee aliendelea, kwa hasira ile ile. "Bendera ni bendera. Mtu aliyekuwa mwenyekiti miaka ishirini na mmoja akifa mlango ukawa mtupu, watu wa vijiji vingine watasema hakuwa na thamani. Ndicho nilichokuwa natetea. Wewe ukaona chama."

"Na mimi nani amewaambia nalipwa kuandamana?"

Mzee Heo alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama supu yake.

Sitasema walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Mzee Heo alirudisha viatu rafuni na kuketi, na wengine wakarudi nyuma yake, wakilalamika kwamba kwenye misiba ya waumini hata pombe hakuna. Seong-gyu aliokota bendera, akaikunja vizuri sasa, akaisimamisha kwenye kona karibu na choo. Mzee aliiona akaiacha hapo. Baadaye nilimsikia akimuuliza yule kijana fundi, lifti ikikwama, mtu aliye ndani afanye nini, na kijana akimweleza kwa makini, na mzee akiuliza tena. Kisha wakaanza kubishana kuhusu bei ya mchele, nikaondoka.

Seong-gyu alinifuata jikoni. Alisimama akikausha vibakuli ambavyo vilikuwa vimeshakauka.

"Siku kumi na tisa," alisema. "Mimi nilisimama tisa."

"Alikuwa mbishi kuliko wewe."

"Ungeniambia, Dada."

"Ndiyo," nilisema. "Ningekuambia."

Habari ya kumpeleka baba Seoul haikutajwa tena.

Asubuhi ya tatu tulitoka saa tatu. Mchungaji aliomba ukumbini, tukaimba wimbo mmoja. Gari la mazishi lilipoingia barabara ya Solgol, kipaza sauti kilikwaruza. Niliogopa. Lakini Gwang-sik alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi, na aliyasoma polepole.

"Mnanisikia? Mzee Bae Pil-su anapita. Walio mashambani, simameni kidogo."

Watu walisimama kwenye matuta ya vitunguu, kofia mkononi, mpaka tulipopita. Safari hii alikumbuka kuzima mtambo.

Chini ya kilima wanaume kumi walilibeba jeneza. Watano walikuwa wa kijiji, wanne mafundi wa lifti, na wa kumi Seong-gyu; kwa desturi yetu mwana habebi, lakini mtu wa kumi hakupatikana mwenye magoti mazima. Mzee Heo alitangulia mbele akiwaambia pa kukanyaga, na kuwaambia wa Seoul kwamba hawajui kutembea. Walipumzika mara mbili. Nilibeba picha. Mke wa mwenyekiti alibeba bango, kwa sababu hakuna aliyetaka kuliacha.

Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya mama. Walimshusha kwa kamba nyeupe. Mchungaji alisoma neno, akaomba, wala hakurefusha. Seong-gyu alitupa udongo mara tatu, kisha mimi, kisha wajukuu. Mzee Heo, ambaye si muumini, alivua viatu akasujudu mara mbili juu ya majani. Mwaka mwingine wowote ningesema kitu. Sikusema.

Bango tulitaka kulichoma pale na nguo zake. Seong-gyu alikataa, akalirudisha ndani ya nailoni yake. Wanaume walifukia, wakakanyagakanyaga udongo, wakapanga juu yake mapande ya nyasi yaliyokatwa na udongo wake. Tuliimba tena. Ilikuwa imekaribia saa sita. Tukateremka.